Namna ya Kutambua Sanamu Zilizojificha Katika Maisha ya Mkristo wa Leo

Kila linapoanza darasa jipya la mafundisho ya imani hapa Dar es Salaam, maswali kuhusu amri ya kwanza, "Usiwe na miungu mingine ila mimi," huwa ni yale yale. Mmoja anauliza kama kuipenda kazi yake ni ibada ya sanamu. Mwingine ana chupa ya mafuta ya upako kwenye pochi na anataka kujua kama amekosea. Wa tatu anasema kwamba hana hirizi, hajawahi kwenda kwa mganga wala kushiriki matambiko ya ukoo, na kwa hiyo haoni amri hiyo inamhusu vipi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu hao, na zaidi kwa huyo wa tatu, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kukaa kanisani miaka mingi bila kujichunguza hata mara moja.

Maelezo ya awali yatakuwa mafupi. Katika Kutoka 32, Haruni alipomaliza kuitengeneza ndama ya dhahabu, hakutangaza dini mpya, alisema, "Kesho itakuwa sikukuu kwa BWANA." Sanamu ilipewa jina la Mungu wa kweli na ratiba ya ibada ikaendelea. Katika Ezekieli 14, wazee wa Israeli walikuja kumsikiliza nabii kama waumini wazuri, lakini Mungu akasema kwamba wametwaa vinyago vyao na kuvitia mioyoni mwao. Naye Paulo, katika Wakolosai 3:5, anaitaja tamaa ya mali na kusema wazi kwamba "ndiyo ibada ya sanamu". Kwa hiyo tunachokitafuta hapa, mara nyingi, ni kitu chema ambacho tumekipa tumaini, hofu na utii unaomstahili Mungu peke yake, na ambacho tumekizoea kiasi cha kukiombea baraka.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tafuta daftari ambalo hakuna mtu mwingine atakayelisoma. Uwe na Biblia. Omba taarifa ya miamala ya mwezi mmoja kutoka kwenye akaunti yako ya pesa za simu, na ya benki kama unayo. Tenga wiki mbili, kwa kuwa kazi hii haifanyiki kwa jioni moja baada ya mahubiri yaliyokugusa. Tafuta pia mtu mmoja aliyekomaa katika imani, anayejua kutunza siri na asiyekuogopa: mzee wa kanisa, katekista, mama wa kikundi cha maombi, au rafiki wa siku nyingi. Usimchague mtu anayekudai wala unayemdai.

Anza kwa sala ya Zaburi 139:23-24, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Isome kila siku kabla ya kufungua daftari. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu mtu anayejichunguza mwenyewe pasipo sala huishia ama kujihesabia haki ama kujikatia tamaa.

Hatua ya 1. Andika maombi yako yalivyo

Kwa siku tatu, mara tu unapomaliza kuomba, andika uliyoyaomba. Usiyapambe. Kama uliomba kiwanja cha Kigamboni kipatikane, andika kiwanja cha Kigamboni. Kama uliomba mtoto afaulu, bosi ahamishwe, mchumba apatikane au deni liishe, andika hivyo hivyo. Siku ya nne soma orodha nzima, kisha mbele ya kila ombi jibu swali hili: je, ninamtaka Mungu, au ninataka Mungu anipe hiki?

Kuomba mahitaji si kosa, kwa maana Bwana mwenyewe alitufundisha kuomba riziki ya kila siku. Unachotafuta ni ombi moja linalojirudia kila siku, lenye machozi na mfungo kuliko mengine yote, ambalo lisipojibiwa unahisi kwamba sala nzima imepotea bure. Lipigie mstari.

Hatua ya 2. Soma miamala na ratiba

Yesu alisema kwamba hazina yako ilipo, ndipo utakapokuwapo na moyo wako. Chukua taarifa ya miamala na uisome mstari kwa mstari, ukiandika pembeni sababu halisi ya kila malipo. Mfano: mchango wa harusi katika familia ya bosi, 150,000, kumtumia mama kijijini, 20,000, sadaka, 5,000, vifurushi vya intaneti, 30,000, mikeka ya kubeti mpira, 2,000 mara kumi na mbili. Hakuna kiasi kinachomhukumu mtu chenyewe. Lakini uliza mchango ule wa harusi ulitolewa kwa upendo au kwa kuogopa jina lako kusomwa mwisho kwenye kundi la kamati. Uliza pia kwa nini fedha za mama zilisubiri hadi tarehe 28, ilhali zile za kamati zilitumwa siku ile ile zilipotajwa.

Fanya hivyo hivyo na muda. Mtu anayekaa Kimara na kufanya kazi Posta huondoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, na hakuna haki ya kumwambia kwamba foleni ni sanamu yake. Mpime kwa saa chache anazobaki nazo mkononi: anampa nani saa hizo bila kusukumwa?

*Onyo:* Usiitumie hatua hii kumkagua mume au mke wako. Kila mmoja asome taarifa yake.

Hatua ya 3. Fuatilia hofu na hasira

Kwa wiki moja, andika kila mara unapopandwa na hasira isiyolingana na jambo lenyewe, au hofu inayokunyima usingizi. Kisha ufuatilie mzizi wake kwa kuuliza: ni kitu gani nilihisi kinanyang'anywa?

Hapa ndipo mambo huanza kuonekana. Mzazi anayempeleka mtoto katika shule ya mchepuo wa Kiingereza kwa kujinyima hana kosa. Anafanya kazi ya upendo. Lakini Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo, na alama za mtoto zikawa za wastani, mzazi huyo akakaa siku kadhaa bila kusema naye kwa sababu majirani watauliza, basi mtoto amebebeshwa mzigo wa kuihesabia haki familia, na mzigo huo hakuna mtoto anayeuweza. Kuhani Eli aliambiwa katika 1 Samweli 2:29 kwamba anawaheshimu wanawe kuliko Mungu. Alikuwa mtumishi wa hekalu, mwenye cheo, na wanawe ndio waliokuwa sanamu yake.

Hofu ya watu nayo ina nguvu nyingi katika mji huu, ambapo mtu hupimwa kwa gari, kwa mtaa anaoishi na kwa sherehe aliyoifanya. Mfalme Sauli alipoulizwa kwa nini amevunja agizo la Bwana, alikiri kwamba aliwaogopa watu na kutii sauti yao. Zingatia neno hilo, kutii. Yule ambaye huwezi kumkatalia hata anapokutaka utende kinyume cha neno la Mungu, ndiye unayemtumikia kama bwana.

Hatua ya 4. Jaribu maneno "bali kama si hivyo"

Hii ndiyo hatua fupi na ndiyo ngumu. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo," hawataitumikia sanamu yake. Chukua lile ombi ulilolipigia mstari, na zile hofu ulizoziandika, kisha sema kwa sauti: "Bwana, ninaomba hiki. Bali kama si hivyo, nitakutumikia." Taja kitu chenyewe kwa jina.

Kama maneno yanatoka kwa huzuni lakini yanatoka, hiyo ni huzuni ya kawaida ya mwanadamu, na Yesu mwenyewe aliipitia Gethsemane. Kama yanakwama kabisa, au yanatoka kwa uchungu unaosema "basi nitaacha kukuomba", umefika mahali pa kuchimba. Andika tarehe na usiharakishe kujihukumu.

Hatua ya 5. Pima mambo matakatifu

Watu wengi wanaruka hatua hii kwa kudhani kwamba kitu kikishaingia kanisani hakiwezi kuwa sanamu. Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu ndipo madhara makubwa yanapotokea na ndipo watu wanapoumia huku wakiamini kwamba wanamtii Mungu.

Musa alitengeneza nyoka wa shaba kwa agizo la Mungu mwenyewe, na watu wakapona. Karne kadhaa baadaye, kama tunavyosoma katika 2 Wafalme 18:4, Waisraeli walikuwa wakimfukizia uvumba, na Hezekia akamvunja vipande vipande. Kitu kilekile, chenye historia ya kweli ya uponyaji, kiligeuka sanamu. Vivyo hivyo katika 1 Samweli 4 watu walilibeba sanduku la agano kwenda vitani wakitumaini kwamba litawaokoa. Wakashindwa, wakafa askari 30,000, na sanduku likatekwa.

Sasa chukua mafuta, maji, chumvi, kitambaa, stika ya mtumishi iliyobandikwa kwenye kioo cha bajaji au mlangoni mwa duka, na uulize maswali matatu.

La kwanza: nikikisahau nyumbani, je, ninatembea kwa hofu? Yakobo 5:14-15 inataja kweli wazee wa kanisa kumpaka mgonjwa mafuta, lakini inasema kwamba kule kuomba kwa imani ndiko kutakakomwokoa. Mtu anayerudi Mbezi kutoka Kariakoo kwa sababu chupa imebaki mezani amekwisha kuvuka mpaka, hata kama lebo ya chupa ina aya ya Biblia.

La pili: je, kinauzwa kwa ahadi? Petro alimwambia Simoni wa Samaria, aliyeleta fedha ili apate karama, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Ukiambiwa kwamba mbegu, yaani sadaka, ya kiasi fulani itafungua mlango fulani kufikia tarehe fulani, hayo ni mapatano ya kibiashara, na Mungu hajaweka sahihi yake hapo.

La tatu: je, kimenifanya niache jambo ambalo Mungu amenipa kwa njia ya kawaida? Hapa sitapunguza maneno. Usiache dawa za presha, za kisukari, za kifua kikuu au za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa sababu umepakwa mafuta au umetamkiwa uponyaji. Mwambie daktari, upimwe, na kama Mungu amekuponya vipimo vitaonyesha.

Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano, waumini walipokimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa yana baraka. Walikuwa watu wenye shida za kweli, wakimtafuta Mungu, na hakuna mwenye haki ya kuwacheka. Ni kwa ajili ya heshima yao kwamba sisi tuliobaki tunapaswa kuuliza ni mafundisho gani yanayomfanya mtu aamini kwamba neema ya Mungu iko sakafuni na kwamba itaishia kwa waliotangulia.

Mpime pia mtumishi mwenyewe, kwa heshima. Petro alipomponya kiwete pale hekaluni aliwauliza watu kwa nini wanamkazia macho yeye, kana kwamba amemwezesha yule mtu kutembea kwa nguvu zake. Mtumishi wa kweli hufanya hivyo: hukuelekeza kwa Mungu, hukuacha uulize, hukubali usome Biblia yako mwenyewe kama watu wa Beroya. Kama umeanza kusema "Mungu wa baba fulani" mara nyingi kuliko jina la Yesu, au kama unaogopa laana ya mchungaji kuliko dhambi, andika hilo katika daftari.

Mwisho, huduma yako. Kuimba kwaya, kuongoza vijana, kushona mapambo ya madhabahu: yote mema. Jipime kwa siku ambayo nafasi yako imepewa mwingine.

*Onyo:* Makosa mawili hutokea sana katika hatua hii. Wengine huitumia kuwasema watu wa kanisa jingine, na hivyo kujisahau. Wengine hudhani kwamba dawa yake ni kudharau kila ishara ya imani, hadi ubatizo na Meza ya Bwana. Hezekia alivunja nyoka mmoja. Hekalu alilisafisha na kulifungua.

Hatua ya 6. Taja kitu kimoja

Baada ya wiki mbili utakuwa na orodha ndefu. Chagua kimoja tu, kile kilichojitokeza katika hatua tatu au zaidi. Kitaje mbele za Mungu kwa jina lake kamili. Usiseme "nisamehe udhaifu wangu", sema, "Nimeifanya nyumba ninayojenga Goba kuwa ndiyo usalama wangu, na kwa ajili yake nimewadhulumu mafundi malipo yao." Kisha mwambie yule mtu uliyemchagua, ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu.

Hatua ya 7. Amua kuvunja au kurudisha mahali pake

Wanaoanza hukosea sana hapa kwa kudhani kwamba kila sanamu huvunjwa. Vitu viko vya aina mbili. Kuna vinavyopaswa kuondoka kabisa: hirizi, kubeti, uhusiano wa zinaa, rushwa unayoiita zawadi, chupa unayoitumaini. Hivi hutupwa, hukatwa au hufutwa, na haviwekwi akiba kabatini.

Kuna vingine ambavyo ni zawadi, navyo hurudishwa mahali pake. Ibrahimu alimtoa Isaka na akarudishiwa, akashuka naye mlimani. Mtoto, ndoa, kazi, nchi, kabila, timu ya mpira, hata elimu: hivi havitupwi. Kwa kila kimoja tafuta tendo dogo linalokishusha kutoka kwenye kiti cha Mungu. Anayetawaliwa na fedha atoe mahali ambapo hakuna atakayejua, kama Mathayo 6 inavyofundisha, na awalipe wanaomdai jasho lao. Anayetawaliwa na kazi azime simu ya ofisi Jumapili na avumilie hofu itakayokuja. Anayetawaliwa na sifa afanye huduma moja isiyopigwa picha. Mzazi amwombe mtoto radhi. Tendo liwe la wiki hii, tena liwe linalopimika.

Ukikwama

*Nimefanya yote na sioni chochote.* Mwulize mtu anayeishi nawe, kwa mfano dada wa kazi, mke, mume au mtoto mkubwa: "Ni jambo gani ambalo kila mtu hapa nyumbani anaogopa kunigusa nalo?" Sikiliza bila kujitetea.

*Kila kitu sasa ninakiona kuwa ni sanamu; hata chai ninaogopa.* Simama. Huku ni kujitesa, na hofu ya namna hiyo nayo inaweza kushika kiti cha Mungu. Soma 1 Timotheo 4:4, kwamba kila kiumbe cha Mungu ni kizuri, wala hakuna cha kukataliwa kama kikipokewa kwa shukrani. Funga daftari kwa mwezi mmoja na uendelee na ibada zako za kawaida. Kama mawazo hayo hayakuachi, zungumza na mchungaji au padri, na usione haya kumwona pia mtaalamu wa afya ya akili.

*Je, sanamu za watakatifu katika kanisa Katoliki ni ibada ya sanamu?* Swali hili huwagawa Wakristo tangu zamani. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa pili wa Nikea, mwaka 787, ulifundisha kwamba picha takatifu hupewa heshima, na kwamba kuabudu ni kwa Mungu peke yake; makanisa mengi ya Kiprotestanti hayakubali matumizi hayo. Mwongozo huu hauamui kesi hiyo, na ushauri wangu ni kwamba usianzie hapo. Mkatoliki ajipime kwa mafundisho ya kanisa lake kama anaivuka heshima hiyo, naye Mprotestanti asitumie rozari ya jirani kufunika taarifa yake ya miamala.

*Mchungaji wangu ndiye anayeuza mafuta.* Usimsimamishe katikati ya ibada wala usimwandike mtandaoni. Omba kumwona, uende na Biblia na mtu mmoja, uulize kwa adabu ni andiko gani linaloweka bei. Kama jibu ni vitisho au laana, una uhuru wa kuondoka, na laana hiyo haina mamlaka juu ya mtu aliye ndani ya Kristo. Kabla ya kujiunga kwingine, uliza jinsi mapato ya kanisa yanavyosomwa kwa washarika na nani anayeweza kumkosoa kiongozi.

*Nilikiacha, kimerudi.* Hili ni la kawaida, hasa mshahara unapochelewa au ugonjwa unapoingia nyumbani. Usianze mwongozo mzima upya. Rudi kwenye hatua ya 4, sema maneno yale ukitaja kitu chenyewe, kisha mpigie simu yule uliyemwambia katika hatua ya 6 siku hiyo hiyo, kabla hujakipa tena fedha yako au usingizi wako.